Mlango Mmoja wa Ziwa

Leo nina habari ya maji. Najua wengi mnaonisikia saa hii mko kandokando ya ziwa letu kubwa, Victoria: Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, Homa Bay, na huko visiwani Ukerewe. Maji mliyoteka leo asubuhi, mliyofulia na kuogeshea watoto, hayakai tu pale. Yanatafuta pa kutokea. Mito inayoingia ziwani ni mingi. Kuna Kagera, mkubwa kuliko yote. Kuna Mara, Grumeti na Simiyu upande wa Tanzania, kuna Nzoia, Yala na Sondu upande wa Kenya, na juu ya yote kuna mvua, ambayo ndiyo hasa inayolijaza. Mlango wa kutokea ni mmoja tu. Uko Jinja, Uganda, na hivi karibuni nilikwenda kuutazama kwa miguu yangu.

Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza. Nilikuwa na miaka saba au minane nilipotupa gunzi la hindi majini nikamwuliza bibi yangu linakwenda wapi. Bibi alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Hakuinua kichwa. "Misri," akasema, akaendelea na sufuria yake. Neno hilo moja lilinikaa. Nikasoma shuleni kwamba bibi alisema kweli, lakini kusoma ni jambo jingine na kusimama mahali penyewe ni jambo jingine.

Wengi wetu tumepita Jinja usingizini. Basi la kutoka Nairobi kwenda Kampala, au letu la kuzunguka Sirari, Kisumu na Busia, hupita pale usiku au alfajiri, abiria wamejifunika mashuka, na mtu anashtuka tu anaposikia basi limepunguza mwendo. Akifungua pazia anaona taa, anaona nyaya kubwa za daraja jipya zimekwenda juu kama tanga. Daraja lile lilifunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525, na Japani ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya mkopo wa kulijenga. Dakika moja, umeshavuka. Mto mashuhuri kama ule umepitwa mtu akipiga miayo. Ndiyo maana nasema Jinja haitazamwi kwa dirisha la basi.

Na ni mji unaokubali miguu. Ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini bado ni jiji ambalo ukitoka sokoni, ukashuka taratibu chini ya miti mikubwa ya mitaa ya zamani, unafika mtoni kabla jasho halijakulowesha vizuri. Upande wa kusini una ziwa, upande wa magharibi una mto. Huwezi kupotea. Ukipotea, fuata mteremko.

Asubuhi ya kwanza nikashuka hadi kwenye bustani ya chanzo cha Nile, ukingo wa mashariki. Kuna vibanda vya vinyago na fulana, kuna vijana wa boti. Kuna pia sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa sababu mwaka 1948 sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa, na mwaka 1997 waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral, akaja kuizindua sanamu hiyo. Nilisimama mbele yake kidogo. Lakini macho yalikuwa majini.

Nahodha niliyempata alikuwa mtu wa makamo, kimya, mwenye kovu la ndoano kwenye kidole gumba. Tulikwenda kwa mashine mpaka katikati, ziwa likiwa nyuma yetu, pana, kijivu, limetulia. Halafu akazima mashine. Hakusema kitu. Nikadhani mafuta yamekwisha. Baada ya muda nikaona mti wa ufukweni unasogea. Nikatazama tena: mti haukusogea, ni sisi. Boti ilikuwa imeshikwa na kitu chini yake, inapelekwa kaskazini, polepole, kisha si polepole tena. Nimepanda mitumbwi tangu utotoni na sijawahi kusikia ziwa likivuta namna ile. Ziwa halivuti, ziwa hupiga mawimbi. Huu ulikuwa mto, na mstari wa kuvitenganisha hauonekani kwa jicho. Unausikia kwenye mbao za boti, chini ya makalio na nyayo.

"Sasa uko Kiyira," nahodha akaniambia. Ndilo jina la mto huu kwa Wasoga. Nile ni jina la huko mbele.

Pale tulipokuwa tukielea palikuwa na maporomoko. Neno jinja, kwa Kiganda na Kisoga, asili yake ni jiwe, mwamba. Mji umeitwa kwa mawe yaliyokuwa yamelala kukingama mlango wa ziwa, maji yakiruka juu yake. Na mimi natoka Mwanza, mji ambao mawe yake yamesimama hadharani, moja juu ya jingine, watu wamejenga nyumba katikati yake! Nimetoka mji wa mawe nikaenda kutafuta mawe ya ndugu yake, nikakuta yako chini ya maji.

Miji hii miwili imeunganishwa na safari za miguu ambazo vitabu vinazipenda. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kwa mara ya kwanza Agosti 1858, akiwa Mwanza kwetu. Akaondoka, akarudi tena kutoka pwani, akapita Karagwe, akapita Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 akafika kwenye mawe haya. Wenyeji walikuwa wakipaita mawe tu. Yeye akapaita Ripon, jina la bwana mkubwa aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia London. Leo ng'ambo ya pili, ukingo wa magharibi, kuna mnara wake.

Mimi ningetamani uwepo na mnara wa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akaja kurudi Zanzibar akiwa mtu huru. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, kwa sababu ndiyo lugha waliyoshirikiana, na kwa Kiswahili Bombay aliongea na wapagazi na watu wa njiani. Bila ulimi wake msafara ule ungefika wapi? Speke mwenyewe ameandika kwamba walipouona mto mara ya kwanza, siku chache kabla ya kufika kwenye mawe, aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga katika maji haya matakatifu, maji alimolelewa Musa. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo kwa namna hiyo, wao wanaridhika na maisha ya kawaida ya kila siku. Jibu hilo nalipenda kwa moyo wote. Mtu amekwenda kwa miguu kutoka pwani, amefika mahali ambapo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipabishania, na akili yake imetulia.

Mawe yalizama mwaka 1954. Mwaka huo Malkia Elizabeth alikuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, jina la ziwa kwa Kiganda. Maji yakapanda nyuma ya ukuta, yakafunika maporomoko ya Owen, yakafunika na yale ya juu yake, ya Ripon. Kelele ikanyamaza.

Lakini sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua hadi nilipoanza kuulizauliza. Kabla ya kujenga, wataalamu walikuwa wamepima kwa miaka jinsi mawe yale yalivyoyapitisha maji. Ziwa likiwa na kina fulani, mto hupata kiasi fulani. Likipanda, kiasi kinapanda. Uingereza iliyokuwa ikiitawala Uganda ikakubaliana na Misri kwamba bwawa litaachia maji kwa kipimo kilekile, kama vile mawe bado yapo na bwawa halipo. Mhandisi kutoka Misri akawekwa Jinja kuangalia. Kwa hiyo mtu wa mitambo anapofungua milango ya bwawa anafuata hesabu ya mawe yaliyozama. Mawe yako chini, hayaonekani, na bado ndiyo yanayotoa amri.

Na amri hiyo ikivunjwa sisi wa huku tunaona. Mnakumbuka miaka ya 2004 hadi 2006? Ukame ulikuja, na wakati huohuo maji yaliachiwa kupita kipimo ili umeme upatikane, ziwa likashuka mpaka Mwanza tukaona mawe ambayo wazee wetu walikuwa wamesahau kwamba yapo. Wavuvi walikokota mitumbwi kwenye tope. Halafu mnakumbuka 2020. Mvua zilinyesha hazikukoma, na mwezi Mei kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964. Nyumba za ufukweni ziliingia maji Tanzania, Kenya na Uganda. Sote tulikuwa tunasubiri mlango mmoja ufunguliwe zaidi, na waliokuwa chini ya mto, huko Ziwa Kyoga na kuendelea, walikuwa wanaomba usifunguliwe sana. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 14 Aprili, kisiwa kizima cha mafunjo na matope kilichong'oka ufukweni kilielea kikaja kukwama kwenye mitambo, na karibu Uganda nzima ikaingia gizani. Kisiwa chenye nyasi na miti, kinatembea juu ya maji! Nahodha wangu anaviogopa visiwa hivyo kuliko dhoruba. Anasema dhoruba unaisikia ikija.

Jua lilipokuwa kali nikapanda mjini kutafuta chakula. Kwenye kona moja karibu na Main Street kuna kijana wa rolex, nami nilisimama nikamwangalia mpaka mwisho. Kinyunya alikuwa amekwisha kukisukuma, chapati iko tayari pembeni. Akavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, akakatia kitunguu, nyanya na kabichi kidogo humohumo juu ya kikombe, kisu kinapita karibu na kidole gumba na hatazami. Chumvi. Akapiga kwa uma mara tano sita, akamimina kwenye chuma kilichokuwa kinatoa moshi, akazungusha kwa mgongo wa kijiko. Yai likashika. Akalaza chapati juu yake, akageuza vyote pamoja, akaviringisha, akafunga kwa karatasi. Dakika mbili hazikwisha. Wanasema chakula hiki kilianzia huku Busoga kikaenda Kampala na wanafunzi. Nilikula nikitembea, mafuta yakinichuruzika mkononi, na sikuona haya.

Mitaa ya katikati bado ina maduka ya Wahindi ya zamani. Ukuta wa mbele umeinuliwa juu kuliko paa, umechorwa maua ya saruji, na juu kabisa mwaka wa ujenzi, mingi ya miaka ya 1920 na kuendelea. Kabla ya reli kuvuka mto, mizigo ya kutoka Mombasa ilishuka Kisumu, ikapanda meli, ikafika hapa. Mwaka 1912 reli ndogo ikajengwa kutoka Jinja hadi Namasagali ili pamba ya Busoga ipate njia. Daraja la reli lilikuja 1931. Sukari ya Kakira, nguo, shaba, bia: Jinja ilikuwa mji wa viwanda, na umeme wa bwawa ndio ulioviita vingi vyake. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Ukiipita mitaa ile mchana, polepole, unaona pale jina la familia lilipokuwa limeandikwa na likakwanguliwa. Baadhi ya nyumba zimerudishwa kwa wenyewe na kupakwa rangi. Nyingine zina mti umeota kwenye ufa wa ghorofa.

Sasa niseme habari ya Kiswahili, maana nilikuwa nimejiandaa kuongea kwa ishara. Upande wa mashariki kuna Walukuba, nyumba za wafanyakazi zilizojengwa wakati wa ukoloni, na watu walitoka kila upande kuja viwandani: Wasoga, Waluo, Waluhya, Wateso, watu wa West Nile. Wakakutana kwa Kiswahili. Bado wanakutana. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya mlango wake alinisikia nikisalimia, akaniita. "Wewe ni mtoto wa Nyerere," akasema, na sikuuliza alijuaje. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha amri, kila neno limesimama wima. Alikuwa mwanajeshi, akastaafu.

Kambi ya Jinja ni ya zamani. Hapa palikuwa na kikosi cha King's African Rifles, na lugha ya kikosi ilikuwa Kiswahili. Mji una makaburi ya vita, yamepangwa safi, nyasi zimekatwa, na ukisoma majina unaona vijana wa Afrika Mashariki waliokufa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa peke yangu pale na mkata nyasi mmoja. Na Januari 1964, ndani ya siku chache, askari waliasi Dar es Salaam, kisha Jinja, kisha Lanet, Nakuru. Kilio chao kilikuwa mshahara na maofisa wa Kizungu. Baadaye ikaja miaka ya Amin, na kwa Waganda wengi Kiswahili kikawa sauti ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Tusiwalaumu kwa kukichukia. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, na mimi nafurahi, lakini nikikumbuka yale niliyoyasikia Walukuba najua kwamba kitapendwa kwa njia ya sokoni na mtoni kabla ya kupendwa kwa njia ya darasani.

Kutoka Walukuba nikashuka Masese, mwalo wa wavuvi. Harufu tu ilinitosha kujua niko nyumbani. Dagaa wetu, omena wa Kisumu, huku ni mukene, na kina mama wanawaanika vilevile na kuwageuza vilevile, wameinama, mkono mmoja kiunoni. Sangara wanamwita mputa. Furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi tuliokuwa tukivua kwa uzi tukiwa watoto, kwao ni nkejje. Jinja kuna kituo cha utafiti wa samaki tangu 1947, kilianza kikiwa cha Afrika Mashariki yote, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa na sisi watatu, Tanzania, Kenya na Uganda, lina makao yake hapahapa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ndiye aliyewala furu mpaka mamia ya aina zao hazionekani tena. Mama mmoja aliniambia kwamba nkejje waliokaushwa walikuwa dawa ya mtoto aliyedhoofika. Alisema "walikuwa."

Siku ya pili na ya tatu nilizitoa kwa mto wenyewe, kwenda kaskazini. Nilitaka kufuata ukingo. Asubuhi njia ilikuwa ya kupendeza, udongo mwekundu, mashamba ya muhogo na kahawa, mivule mirefu imebaki mmoja mmoja, mifenesi mingi. Tumbili walikuwa juu ya ukuta wa shule wakisubiri mapumziko. Kwarara wawili walipita wakilia ile sauti yao ya kulalamika. Kwenye kijipenyo kimoja kati ya mafunjo nikakaa juu ya jiwe, na mbele yangu, mita kumi hivi, mdiria mweusi na mweupe akasimama hewani. Mmewahi kumwangalia vizuri? Mabawa yanapiga hata huyaoni, lakini kichwa hakitikisiki hata kidogo, kama kimepigiliwa msumari hewani. Mdomo umeelekea chini. Akaanguka kama jiwe, akatoka na kisamaki kinameta, akaenda kwenye tawi kavu. Hakukimeza. Alikipiga kwenye tawi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kikalegea, akakigeuza kichwa kitangulie ili mapezi yasimkwame, ndipo akameza. Kisha akajifuta mdomo kwenye tawi, pande zote mbili. Furukombe alilia ng'ambo. Ndege yule mdogo hakushtuka.

Nikaendelea, na baada ya mwendo mfupi njia ikafa. Ukuta, kisha seng'enge, kisha lango la hoteli. Mlinzi alikuwa mpole, akaniambia ukingoni ni kwa wageni wa hoteli tu, nizungukie barabarani. Nikazunguka. Nikashuka tena kwa kijia kingine, nikakuta shamba la mtu limezungushiwa waya mpaka majini. Nikazunguka tena. Nilipofika mara ya tatu nilikuwa nimechoka na nina uchungu, na uchungu huo bado ninao. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zimetenga mita 100 za ukingo wa Nile, na mita 200 za ufukwe wa ziwa, ziwe ni hifadhi. Kwenye karatasi njia yangu ilikuwepo. Msichana mmoja mwenye dumu la lita 20 kichwani alinionyesha wanapopita wao: tundu chini ya waya, limelainika kwa migongo ya watu. Anainama na dumu tupu akienda. Akirudi, mwenzake analipitisha dumu lililojaa, kisha naye anapita. Bibi yangu wa Kirumba hakuwahi kuinama chini ya waya kusugua sufuria. Na bado nikitembea Mwanza leo naona ufukwe wetu unafungwa hivihivi, kiwanja kwa kiwanja, na sijasikia mtu akipaza sauti. Napaza yangu. Watoto wa mji ambao hawawezi kufika majini kwa miguu watalijua ziwa kwa bomba tu, na siku likiugua hawatajua.

Bujagali iko kilomita nane hivi kutoka mjini, nami nilifika alasiri. Palikuwa na maporomoko, na maporomoko yalikuwa na mwenyewe: roho aitwaye Budhagaali, na mtu aliyeteuliwa kukaa naye. Mwishoni mwa 2011 maji ya bwawa jipya yalianza kupanda, Oktoba 2012 bwawa likazinduliwa, megawati 250, na leo pale pana ziwa dogo lililotulia, zuri, watalii wanapiga kasia. Kabla ya kufunika, kulikuwa na mabishano marefu ya namna ya kumhamisha roho, na matambiko yalifanywa. Sitasema umeme haukuhitajika. Nimelala Uganda na taa inawaka, nimechaji simu. Lakini bibi mmoja muuza miwa, tulipokuwa tumekaa kivulini, alinionyesha kwa kisu chake mahali fulani juu ya maji matulivu akaniambia, "Pale tulikuwa hatusikilizani." Alitaka kusema kelele ya maji ilikuwa kubwa kiasi hicho, watu walionyeshana kwa vidole. Akarudi kumenya muwa.

Kwa ajili ya Bujagali iliyozama, serikali ya Uganda ilitia saini mwaka 2007 na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda, mbele zaidi, na misitu ya kandoni, hayataguswa kwa umeme. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likaanza kazi chini yake, na hofu ikarudi. Asubuhi ya mwisho nilipanda bodaboda kwenda Itanda, ni mbali kwa miguu yangu ya sasa, nikateremka kabla ya kufika ili nimalizie kwa kutembea.

Unausikia kwanza kwenye kifua. Halafu kwenye masikio. Halafu unatokea juu ya mwamba na mto wote unaanguka mbele yako, mweupe, unajipindua, unaingia chini ya mawe na kutokea pasipotegemewa. Mawe ni meusi, yanang'aa, makubwa kama nyumba, yamekaa yalivyotaka yenyewe. Kwenye pango moja kulikuwa na majani makavu, vibuyu na sarafu, mahali pa watu kuja kuomba. Nilivua viatu. Nikaweka mkono juu ya jiwe lililolowa, nikausikia mto ndani ya jiwe, unatetemeka kama mashine ya boti. Nilikaa saa mbili. Kijana aliyekuwa anavua kwa ndoano pembeni aliniambia jambo refu, nikamwonyesha kidole sikio langu, akacheka, akaninyooshea mkono kwenye upinde wa mvua uliokuwa umesimama kwenye manyunyu.

Jioni nilirudi mjini, nikashuka mara ya mwisho kwenye bustani. Nahodha wangu alikuwa anafunga boti, maji yamemfika magotini. Kwenye nguzo ya gati alikuwa amechora alama za mkaa, moja juu ya nyingine, na alikuwa anaitazama ile ya juu, iliyobakiza upana wa vidole viwili. Akaniuliza, "Huko kwenu Mwanza, imenyesha?"

Nikapiga simu nyumbani, nikauliza. Nikamwambia, "Tangu jana usiku, haijakatika."

Akavuta boti hatua mbili zaidi juu ya nchi kavu, akafunga fundo la pili.